Kumlilia Verlin

Mwanangu Verlin alifariki mwezi wa Machi, katika majira ya ng'ombe kuzaa, na hata majani ya Agosti yalipokuwa yamekatwa na kurundikwa, mkewe alikuwa bado hajamlilia.

Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Arlys si mwanamke mwenye moyo mgumu. Siku ile moyo wa Verlin ulipomsimama akiwa amepiga magoti nyuma ya mtamba aliyeshindwa kuzaa, Arlys alitetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Daktari wa zamu alimwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi, akamwagiza avitumie kwa muda mfupi tu, mpaka mazishi yapite na usingizi urejee. Mazishi yalipita, vidonge vikabaki. Kila chupa ilipokwisha alipiga simu mjini, na kila alipopiga simu alijaziwa nyingine. Huku kwetu kwenye Vilima vya Mchanga, nchi ya ranchi za ng'ombe, ambako jirani wa karibu humwoni ila moshi wake, hakuna aliyetaka kumsumbua mjane wa majuzi kwa maswali.

Mimi naishi katika nyumba ndogo ndani ya ua uleule, na kila asubuhi huvuka kwenda kunywa kahawa jikoni kwa mkwe wangu. Asubuhi moja ya Agosti nilimkuta amesimama mlangoni, uso wake umezama katika koti la kazi la Verlin, ambalo lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari wake.

"Mama, njoo unuse," akaniambia.

Nikanusa. Mafuta ya trekta, jasho, na vumbi la majani makavu. Ilinibidi nishike kiti.

"Umeona?" akasema. "Wewe umeshika kiti. Mimi najua kabisa ni harufu yake, lakini ni kama kusoma jina lake kwenye bahasha. Hainifanyi kitu."

"Ni vidonge hivyo, mwanangu."

"Najua ni vidonge. Viliniokoa Machi ile, sikatai. Lakini sasa nipo nyuma ya kioo, Mama. Ng'ombe akinyang'anywa ndama wake analia mpaka sauti inakauka. Mimi nimenyang'anywa Verlin, nimekaa hapa naosha vyombo." Akalirudisha koti kwenye msumari na kulinyoosha mabega kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Oktoba tukiachisha ndama kunyonya, nataka niwe mtu kamili. Nataka nimlilie mume wangu. Sitaki kingine."

Tangu Machi nilikuwa nikimlilia mwanangu peke yangu, mlango umefungwa, na hakuna nililolitamani zaidi ya kuwa na mwenzangu katika kilio hicho.

Merle, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akitusaidia kukata majani msimu ule. Yeye na Verlin walikua pamoja, na mdomo wake haujapata kuwa na breki. Aliingia asubuhi ileile, akavua kofia, akajikatia kipande cha pai bila kukaribishwa, na Arlys akamwuliza mtu anaachaje kitu alichokizoea.

"Shemeji, hilo nalo ni swali?" akasema, pai mdomoni. "Mimi tumbaku niliiacha siku moja. Tunapiga chapa ndama, moto unawaka, nikatoa kopo mfukoni, nikalirusha humo. Nikatema mate. Basi! Mpaka leo."

"Na mkeo akahamia kwa dada yake mpaka Krismasi," nikamkumbusha.

"Si alirudi, Bi Hulda?"

"Alirudi kuchukua cherehani yake."

"Akakuta nimemfagilia nyumba, akabaki! Lakini sikiliza, shemeji, nakwambia kweli. Mzee Gust, marehemu mumewe huyu hapa, alikuwa anaachisha vipi ndama? Asubuhi moja, lori moja, kwaheri. Hakuna kubembelezana."

Hilo lilikuwa kweli. Mume wangu aliwapakia ndama wote kwenye lori na kuwapeleka malisho ya mbali, wasisikike wala kusikia. Ng'ombe mama walizunguka uzioni siku kadhaa, hawali, hawanywi, wakilia kwa sauti iliyokauka, na wengine waliupasua uzio kwa vifua vyao. Aliyeibadilisha desturi hiyo ni Verlin. Alijenga uzio imara kati ya malisho mawili, karibu na kinu cha upepo kinachotuvutia maji, akawaweka ndama upande huu na mama zao upande ule. Waliweza kuonana, kunusana na kugusana pua. Kunyonya tu ndiko hawakuweza. Baada ya siku chache kila mmoja alianza kula akisogea mbali kidogo, kisha mbali zaidi, na hakuna aliyejiumiza. Babake aliuita uzio wa kubembeleza, akaucheka hadi mwaka alipoona ndama wale wanono wakipata bei nzuri mnadani.

Waya wa uzio ule Verlin aliufunga kwa mkono wake, na yeyote huku angeutambua. Alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mafundo yake ya waya yalizunguka kinyume na ya watu wengine wote.

Arlys alikuwepo siku uzio ule ulipojengwa. Ndiye aliyemshikia waya. Hata hivyo, kwa nafsi yake mwenyewe alichagua lori.

Nilimwona kupitia dirisha langu. Alitoka na chupa ya vidonge, akaenda kwenye pipa la kuchomea takataka nyuma ya ghala, akaitupa ndani na kusimama akiutazama moshi. Nilipomfikia, plastiki ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Umefanya nini?"

"Nimeachisha," akasema.

Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu. Siku iliyofuata usingizi ulimkimbia. Kisha mwanga wa dirishani ukaanza kumchoma macho, akatundika blanketi. Mlio wa kinu cha upepo, aliokuwa akiusikia tangu alipoolewa, ulimfanya azibe masikio. Jasho lilimtoka hali mikono yake ni baridi, na vijiko viligongana alipovishika. Katika hayo yote kilichonitisha zaidi ni furaha yake.

"Imekuja, Mama!" alinong'ona. "Moyo unaenda mbio, kifua kimebana, siwezi kukaa. Ndiyo yenyewe, siyo? Ndivyo na wewe ulivyokuwa?"

"Unamwona Verlin?"

"Sioni kitu. Naogopa tu."

"Unaogopa nini?"

"Sijui. Kila kitu. Ukuta."

Majonzi nayafahamu; nimezika mume na mtoto. Majonzi yangu yana uso. Yana sauti ya buti zikigongwa kwenye ngazi kabla mtu hajaingia ndani, na kiti ambacho nashindwa kukisogeza. Katika hofu ya Arlys hapakuwa na mtu yeyote. Ilikuwa nyumba tupu yenye kelele.

"Arlys, nampigia daktari simu."

"Usithubutu!" Akanishika kwa nguvu, vidole vyake vikitetemeka juu ya mkono wangu. "Atanirudishia vidonge vyake. Nimelisubiri hili tangu Machi. Tafadhali, Mama, usininyang'anye."

Nilimbandua vidole na kwenda kwenye simu. Nilikuwa bado nasubiri kupokewa nilipomwona kupitia mlango wazi akivuka ua kuelekea zizini, akitembea kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake. Alifika getini, mwili ukakakamaa, akaanguka, akaanza kutupwatupwa na mwili wake mwenyewe.

Niliiacha simu ikining'inia. Nilimgeuza alale ubavu, nikamwekea sweta yangu chini ya kichwa, nikasogeza ndoo asije akaigonga. Sikumtia kitu mdomoni wala sikumkandamiza. Nilimwita jina lake tu, nikaendelea kumwita hata alipotulia na kupumua kwa mkoromo. Kisha nikarudi kwenye simu kuita gari la wagonjwa.

Huku gari la wagonjwa huendeshwa na majirani. King'ora kikilia mjini, kila mwenye zamu huliacha trekta lake lilipo. Aliyeruka kutoka garini alikuwa Merle, majani makavu yamemjaa nyweleni. Alipiga magoti, akamfunika Arlys uso kwa kifaa cha hewa, akaniangalia.

"Ni vile vidonge?"

"Alivichoma kwenye pipa, kama ulivyomfundisha."

Hakunena neno njiani kote. Sikupata kumwona Merle kimya namna ile hata kwenye mazishi.

Daktari aliyempokea aliitwa Kolar, mwanamke aliyekulia ranchini kaskazini ya kwetu na aliyevaa buti chini ya koti lake jeupe. Alimpa Arlys dawa, akamwacha alale, na kesho yake akavuta kiti karibu na kitanda. Nilikuwa nimeketi upande wa pili.

"Bi Arlys," akasema, "hukukosea kutaka kuacha. Dawa hii ni ya muda mfupi, na ulipaswa kusaidiwa kuiacha zamani. Ulichokosea ni mwendo."

"Watu wanaacha vitu kila siku."

"Si hiki. Umekaa nacho miezi, ubongo wako umekiegemea. Ukikiondoa ghafla, ubongo unapiga kelele. Unatetemeka, hulali, mwanga unauma, sauti zinauma, unaogopa bila kujua unaogopa nini. Wengine wanapata degedege, kama wewe jana. Wapo waliokufa."

Arlys alijiinua kwa kiwiko.

"Kwa hiyo haikuwa Verlin," akasema.

"Samahani?"

"Nilidhani nimeanza kumlilia mume wangu. Nilifurahi. Mwulize Mama."

Daktari Kolar alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Aliiweka kalamu mfukoni.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Ile ilikuwa dawa inadai mahali pake. Pole sana."

Arlys akageukia ukutani, macho makavu. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilimwona kama mtu aliyefiwa, na alichofiwa nacho ni kilio chenyewe.

Baadaye daktari alimweleza njia. Angerudi kwanza kwenye kiasi alichokuwa akimeza, akae hapo mpaka mwili utulie. Kisha wangepunguza kipande kidogo, wasubiri majuma kadhaa, watazame, ndipo wapunguze kingine. Ikiwa ngumu, wangesimama palepale walipofika.

"Usipunguze mwenyewe kwa kisu cha jikoni," akaonya. "Mfamasia atakutayarishia. Pombe usiguse, hata kidogo. Pombe na dawa hii pamoja zinaweza kukusahaulisha kupumua. Kuendesha gari, hapana, mpaka nikwambie. Na kuna mshauri utakayezungumza naye kwa simu kila juma, akufundishe namna ya kukaa na hofu bila kukimbia."

"Mpaka lini?"

"Mwili wako ndio utasema. Ni miezi."

"Tunaachisha ndama Oktoba."

"Oktoba utakuwa bado katikati."

"Na kulia, je?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. "Siwezi kukuahidi machozi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba tukienda polepole, hatari ya kuanguka tena vile inakuwa ndogo sana. Na watu wengi wananiambia kwamba kile kioo kinapungua."

Niliendesha pikapu kurudi nyumbani. Arlys alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, akizitazama nguzo za uzio zikipita. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho alisema, "Nimejiachisha kwa njia ya Baba Gust."

"Ndiyo."

"Na waya ule nilimshikia mimi."

Nikabadili gia, tukashuka kilima.

Majira ya kupukutika majani tulisafiri sana kwenda mjini. Merle alikuwa akisema kwamba barabara ikisikia ninakuja huhamia kando, nami nilimjibu kwamba yeye na barabara wote wafanye hivyo. Alikuwa akija kila jioni kulisha farasi bila kuombwa, na hakuwahi kutamka neno juu ya pipa lile. Aibu yake aliileta kwa njia nyingine. Siku moja alitoka garini na mfuko wa karatasi kwapani.

"Kidogo tu cha kulalia, shemeji," akamnong'oneza Arlys barazani. "Babu yangu alikuwa anasema—"

Nilimnyang'anya mfuko, nikaifungua chupa na kuimwaga wiski yote juu ya ngazi, mbele ya macho yake.

"Bi Hulda! Hiyo imekaa pipani miaka mingi kuliko niliyokaa mimi shuleni!"

"Inaonekana."

Arlys alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye kutu, lakini Merle alitazamana nami kana kwamba tumemwona ndege aliyedhaniwa ameshatoweka.

Kipande cha kwanza kilipita bila vurugu. Kilichofuata kilimtesa. Mikono ilianza tena kutetemeka, usingizi ukapungua, akawa mkali kwa kila mtu. Alitaka kuruka mpaka mwisho, akisema bora ateseke mara moja amalize. Nilimpa simu, nikasimama karibu yake mpaka alipompata Daktari Kolar. Jibu lilikuwa kukaa palepale, asirudi nyuma wala asiende mbele, mpaka mwili ukubali.

"Nimesimama kama ng'ombe mbele ya geti," akalalamika.

"Basi simama," nikamwambia. "Geti halitembei."

Aliketi kwenye ngazi na kufanya kama mshauri alivyomfundisha: kuvuta pumzi, kuitoa polepole kuliko alivyoivuta, na kutaja alichokiona mbele yake bila kukihukumu. Kinu. Tangi la maji. Mbwa. Mama mkwe. Majuma yalipita, mtetemeko ukamwacha, wakapunguza tena.

Oktoba ilifika. Merle alipendekeza lori, kwa kuwa hatukuwa na mikono ya kutosha, na Arlys akamjibu kwamba katika ranchi hii ndama wataachishwa kwenye uzio wa Verlin au hawataachishwa kabisa. Tuliwatenga asubuhi yenye umande mzito. Ndama upande huu, mama zao upande ule. Sauti yake siwezi kuieleza ipasavyo. Bonde zima linakuwa koo moja. Ng'ombe mama anaingiza pua kati ya waya na waya, anamnusa mwanawe, anamlamba kipaji, kisha anainua kichwa na kumlilia hali amesimama naye pua kwa pua.

Arlys alitembea kando ya uzio wote, kiganja chake kikipita juu ya waya. Kila penye fundo alisimama. "Hili lake," akasema. "Hili lake. Hili la Merle. Hili lake." Alikuwa akisoma kama mtoto anavyosoma herufi kabla hajajua kwamba zinaunda neno. Nilimfuata nyuma nikingoja. Alifika nguzo ya mwisho, karibu na kinu, akaushika waya pale kwa muda, kisha akavaa glavu zake.

"Wao wanalia," akasema, "mimi nawasindikiza tu."

Niliingia nyumbani kwangu, nikafunga mlango, nikamlilia mwanangu peke yangu kama nilivyozoea. Sauti ya ng'ombe ilinifunika.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Walipunguza, wakasubiri, wakapunguza. Kilichorudi kwanza hakikuwa kilio. Kwanza ilirudi hamu ya chakula, akala viazi vyangu na vyake. Baadaye ikarudi hasira. Nilivuka ua asubuhi moja ya theluji nikamsikia akifoka, nikadhani Merle amekuja. Jikoni hapakuwa na mtu. Arlys alikuwa amesimama mbele ya lile koti.

"Kifua kilikuwa kinakuuma toka jana yake, na hukuniambia!" alikuwa akiliambia. "Mjinga wewe! Ungeniita tu! Mtamba mmoja, Verlin! Mtamba mmoja!"

Aliponiona alinyamaza, mashavu yamemwiva.

"Endelea," nikamwambia. "Mimi pia nina la kumwambia."

Lakini machozi hayakuja, na sikuyauliza. Kumwuliza kungekuwa kuvuta chipukizi ili lirefuke.

Mwezi wa Machi ukarudi. Kilichobaki cha vidonge kilikuwa kipande kidogo cha jioni, na Daktari Kolar alikuwa amekataa kabisa kukiharakisha. Theluji ilikuwa inayeyuka, ng'ombe wa kwanza wamekwisha kuzaa, na asubuhi moja tuliona kwamba mmoja wao, katika kujikuna, ameukata waya wa juu wa uzio wa Verlin, kwenye nguzo ile ya mwisho karibu na kinu. Merle alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa kuzalisha. Tukaenda sisi wawili, mimi nikiendesha, Arlys ameshika koleo na bunda la waya mapajani.

Waya ulikuwa umekatikia karibu sana na fundo. Ili kuuunganisha upya, fundo la zamani lilipaswa kufunguliwa kwanza. Nilishika nguzo. Arlys alilibana fundo kwa koleo na kulizungusha, kwa namna ambayo mtu yeyote huzungusha. Likakaza. Akazungusha tena kwa nguvu zaidi. Likakaza zaidi.

"Mama, limeshikwa na kutu hili."

"Si kutu," nikasema. "Ni lake."

Aliliangalia. Kisha akabadilisha mkono, akalishika koleo kwa mkono wa kushoto, akaanza kuzungusha upande wa pili, ule wa Verlin. Waya uliitika. Kiwiko chake kilipanda kama kilivyopanda cha mwanangu, bega likainama kama lilivyoinama lake, na kwa kitambo kidogo nilimwona Verlin katika mwili wa mkewe, waziwazi, hata nikaisahau baridi.

Arlys naye alisimama. Aliutazama mkono wake.

"Hata leo ananisumbua," akasema. "Kila nilichokifungua kwenye ranchi hii, kinyume. Kila kopo. Kila kamba. Miaka yote nimemtukana kwa ajili ya—"

Akaanza kucheka, na kicheko kikakatika katikati. Koleo likaanguka kwenye tope. Alishika waya kwa mikono miwili, bila glavu, akainamisha kichwa juu yake, na sauti iliyomtoka niliifahamu mara moja, kwa kuwa nilikuwa nikiificha nyuma ya mlango wangu mwaka mzima. Ng'ombe waliokuwa karibu waliinua vichwa.

"Verlin," alisema. "Verlin. Verlin."

Sauti hiyo ilikuwa na mtu ndani yake.

Magoti yangu hayapendi ardhi, lakini nilikaa pale chini kwenye tope la theluji, naye akaja kukaa ubavuni mwangu. Sikumbembeleza. Tulimlilia pamoja.

"Alikuwa anagonga buti kwenye ngazi," alisema alipoweza kusema.

"La kushoto kwanza."

"La kushoto kwanza! Na lile la kulia anasahau, analeta mavi yote jikoni!"

"Nilimlea vizuri," nikasema. "Sijui nini kilitokea baada ya kukuoa."

Akacheka huku analia, akafuta pua kwa mkono wa koti. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa amelivaa koti la Verlin.

Uzio ulihitaji kufungwa, maana ng'ombe hawasubiri mtu amalize kulia. Arlys alikataa kulifungua fundo. Alilikaza tena kwa mkono wa kushoto, akakata kipande kirefu cha waya mpya, akakifunga kwenye nguzo kando ya lile la Verlin na kukiunganisha na waya uliokatika. Lilikuwa fundo baya, na ningeamuru mtu mwingine yeyote alirudie.

Jioni ile alimeza kipande chake kidogo kwa maji, kama alivyoelekezwa. Kisha aliketi mezani, macho yamevimba, akaniuliza Verlin alikuwaje alipokuwa mtoto, kabla hajamjua. Nikajaza vikombe vyote viwili. Mlango wangu, ng'ambo ya ua, ulikuwa wazi, taa haijawashwa, na sikuwa na haraka ya kurudi.